Maradhi ya Seliaki: Je, ni ya Wazungu Tu?



Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike somo moja la elimu ya viumbe, litakalowafaa walio darasani na walio nyumbani pia. Nimechagua somo hili kwa sababu nina deni nalo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha kidato cha pili habari za mmeng'enyo wa chakula. Nilipotaja kwa ufupi maradhi yaitwayo seliaki, ambayo huletwa na kula ngano, msichana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza, "Samahani, Mwalimu, je, na sisi huku Tunduma twaweza kuyapata?" Nikamjibu upesi, "Hayo ni maradhi ya Wazungu. Haya, andikeni kichwa cha habari kinachofuata." Darasa likacheka, na yule msichana akaketi.

Jibu lile halikuwa la elimu, lilikuwa la uvivu. Nalo lilinirudia nyumbani kwangu mwenyewe.

HABARI ZA MPWA WANGU

Dada yangu hupika maandazi na chapati hapa mjini, akawauzia madereva wa malori wanaongoja zamu yao ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Ni kazi ya halali, nayo imewasomesha watoto wake. Binti yake wa pili alizaliwa mzima kabisa, lakini alipoachishwa ziwa na kuzoea chakula cha nyumbani alianza kudhoofu. Tumbo lilijaa kama ngoma, mikono na miguu ikabaki myembamba. Aliharisha mara kwa mara, akawa mchovu na mwepesi wa kulia. Alipofika darasa la tatu alikuwa mfupi kuliko mdogo wake.

Wala hatukukaa bure. Tulimpeleka kutibiwa mara nyingi. Alipewa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, kisha ya homa ya matumbo, kisha vidonge vya kuongeza damu. Kila dawa ilionekana kufaa kwa siku chache, halafu hali ikarudi ile ile. Mahali pamoja dada yangu aliambiwa mbele za watu kwamba hamlishi mtoto wake. Alirudi nyumbani analia, na tangu siku hiyo akawa anampikia uji wa lishe asubuhi na jioni. Unga wa uji ule ulisagwa kwa mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano. Kadiri mama alivyomnywesha mwanawe, ndivyo mtoto alivyozidi kukonda.

Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 11 tulifika kwa daktari mmoja katika hospitali kubwa. Daktari huyo alianza kwa swali ambalo hatukuwahi kuulizwa. "Mama, niambie huyu mtoto hula nini, tangu aamkapo mpaka alalapo."

Dada yangu akajibu, "Asubuhi chai na maandazi yaliyobaki, Daktari. Saa nne uji wa lishe. Mchana ugali na maharage. Jioni ni ugali tena, au chapati kama zimesalia."

Daktari akaandika kila neno. Akaagiza damu yake ipelekwe kupimwa katika maabara ya mbali. Jibu lilipokuja, mtoto alipitishiwa kinywani mpira mwembamba wenye kamera, ukafika hata kwenye utumbo, vikachukuliwa vipande vidogo mno vya utumbo ili vitazamwe kwa hadubini. Ikaonekana kuwa ni seliaki.

Niliposikia neno lile nilimkumbuka yule msichana wa nyuma ya darasa.

SELIAKI NI NINI?

Ndani ya ngano mna protini iitwayo gluteni. Hiyo ndiyo iufanyayo unga uliokandwa uvutike bila kukatika, na ndiyo sababu chapati ya ngano husukumika vizuri, lakini ukijaribu kusukuma chapati ya unga wa mahindi mtupu itapasuka. Protini za jamii hiyo zimo pia katika shayiri na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Kwa watu walio wengi gluteni haina dhara lolote. Lakini mwili wa mwenye seliaki huiona kama adui, na kinga yake inapopigana nayo huuharibu utumbo wake yeye mwenyewe.

Ukitazama kwa hadubini ndani ya utumbo mwembamba utaona vidole vidogo sana, vingi mno, kama nyuzi za taulo jipya. Kazi ya vidole hivyo ni kunyonya chakula kilichomeng'enywa na kukipeleka katika damu. Kwa mgonjwa wa seliaki vidole hivyo husinyaa, hata utumbo ukawa bapa kama taulo lililochakaa. Basi chakula hupita bila kunyonywa vema, na mtu hufa njaa hali sahani yake imejaa.

Dalili zake si moja. Mtoto huharisha, hufura tumbo na hakui. Mtu mzima pengine haharishi kabisa, bali ana upungufu wa damu usiosikia vidonge, kwa sababu madini ya chuma hayanyonywi. Wengine mifupa hulegea kwa kukosa chokaa, na wanawake wengine hupata taabu ya kushika mimba.

Maradhi haya hayaambukizi, wala si ya kurogwa. Ili yatokee, mambo mawili sharti yakutane: mtu awe amerithi jeni fulani, nazo zaitwa DQ2 na DQ8, na awe anakula gluteni. Hata hivyo wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe. Ulimwenguni pote yakadiriwa kuwa karibu mtu mmoja katika kila 100 anayo, na walio wengi hawajui. Katika wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, hukadiriwa kuwa karibu mmoja katika kila 10.

YALIVYOJULIKANA

Jina lenyewe latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo, na waganga wa kale wa Kiyunani waliyaeleza maradhi haya zamani sana. Mwaka 1888 Samuel Gee, tabibu wa London, aliandika habari zake kwa makini, akasema kwamba kama yataponywa, basi yataponywa kwa chakula. Lakini hakujua ni chakula kipi kilichokuwa kikidhuru. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto wagonjwa ndizi nyingi, akawakataza mkate, nao wakapata nafuu. Watu wakazisifu ndizi. Kumbe kilichowaponya ni kule kukosa mkate!

Aliyelifumbua fumbo ni Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kisha ikaja njaa kubwa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 hata 1945, mkate ukaadimika nchini mwake. Watoto wengine walidhoofika kwa njaa, lakini wagonjwa wa seliaki wakapata nafuu. Na mkate uliporudi, wakaugua tena. Baada ya vita aliwalisha wagonjwa chakula chenye ngano na kisicho na ngano, akapima kwa uangalifu, na mwaka 1950 akatoa kitabu chake cha uchunguzi. Tangu hapo njia ya matibabu imejulikana, yaani kuacha gluteni maisha yote.

KWA NINI YALIITWA YA WAZUNGU?

Sababu ni nyepesi. Madaktari walioyaandika walikuwa Ulaya na Marekani, na wagonjwa waliowatazama walikuwa watu wa huko. Kitu kilichotafutwa mahali pamoja kilionekana mahali hapo, na watu wakadhani hakipo kwingine. Kisha wanafunzi wa udaktari wakafundishwa hivyo, nao wakawafundisha wengine, mpaka likafika kwangu mimi, nami nikalipitisha kwa kidato cha pili.

Tazama sasa yaliyoonekana baada ya kutafutwa. Mwaka 1999 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa damu za watoto 989 wa Kisahrawi, Waafrika wa jangwani wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Karibu watoto 6 katika kila 100 walikuwa na seliaki, kiasi kikubwa kuliko kile kilichopata kuonekana Ulaya. Watu hao hapo kale waliishi sana kwa maziwa ya ngamia na tende, kisha ngano na mkate vikawa chakula chao cha kila siku. Tena maradhi haya yameonekana Misri na Sudan, na huko kaskazini ya India, ambako watu hula mkate wa ngano kila siku.

Huko Marekani, katika miaka ya 2009 na 2010, watu wapatao 7,800 walipimwa damu. Walioonekana na seliaki walikuwa 35, na katika hao 29 walikuwa hawajui. Ni kweli kwamba weupe walikuwa wengi kuliko weusi, wala si haki kuificha kweli hiyo. Lakini uchunguzi mwingine wa nchi hiyo, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kuwa hata wagonjwa walipokuja na dalili zinazofaa kupimwa na kutazamwa kwa kamera, weusi hawakuchukuliwa kipande cha utumbo mara nyingi kama weupe. Basi sehemu ya tofauti imo katika damu na chakula, na sehemu nyingine imo katika macho ya mtazamaji. Ukimtafuta mmoja zaidi ya mwenzake, utamwona mmoja zaidi ya mwenzake.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba makabila na mataifa hayatofautiani kabisa. Mwaka 1966 huko Uganda, madaktari G. C. Cook na S. K. Kajubi walichunguza jinsi watu wanavyomeng'enya sukari ya maziwa. Waliona kuwa Waganda wengi wazima hawaimeng'enyi vema, lakini watu wa jamii za wafugaji wengi wao huimeng'enya. Wote ni weusi. Tofauti yao yatokana na ng'ombe waliofugwa na mababu kwa karne nyingi.

Au fikirini juu ya selimundu, ugonjwa wa chembe za damu, ambao vitabu vya kale viliuita ugonjwa wa watu weusi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa jeni ya selimundu humkinga mtoto na malaria. Kwa hiyo imeenea po pote palipokuwa na malaria nyingi, hata kwa Wagiriki, Waarabu na Wahindi. Aliyeufuata mbu aliuelewa ugonjwa ule. Aliyeifuata ngozi alipotea njia. Vivyo hivyo katika seliaki yatupasa kuifuata jeni na ngano.

HALI YETU HUKU SONGWE

Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na chakula chetu cha asili hakina gluteni hata kidogo: ugali wa mahindi, wali wa Kamsamba, ulezi, mtama, maharage, viazi, mihogo na ndizi. Bibi zetu walikula hivyo, na huenda mwenye jeni ya seliaki aliishi hata uzee asijue. Lakini Tunduma ni mji wa barabara kuu na wa mpaka. Msafiri ataka kitu cha kula upesi, na mtoto wa shule apewa shilingi kidogo anunue andazi. Ngano, ambayo nyingi katika nchi yetu huletwa kutoka ng'ambo, sasa imekuwa chakula cha asubuhi cha nyumba nyingi. Kwa hiyo kule kusema kwamba "kwetu hakuna" kulifaa pengine zamani, lakini leo hakufai.

Tena huku kwetu ugonjwa huu una pa kujificha. Minyoo, amiba, kifua kikuu cha tumbo, UKIMWI na utapiamlo vyote vyaweza kumfanya mtu aharishe na akonde. Daktari mwenye busara huanza na hayo yaliyo mengi, nami simlaumu. Kosa huja pale dawa zinaposhindwa mara ya tatu na ya nne, na bado hakuna anayejiuliza kama kuna jambo jingine. Na kipimo chenyewe hakipo katika zahanati zetu. Sharti damu isafiri, na mgonjwa asafiri, na nauli itafutwe. Hivyo maskini hungoja zaidi ya tajiri, na mtu wa kijijini zaidi ya mtu wa mjini.

MATUNZO

Dawa ya seliaki ni chakula tu. Huko Ulaya mgonjwa hununua mkate wa namna ya pekee, nao ni wa bei kubwa. Hapa Mungu ametupa nafuu, kwa maana chakula cha mgonjwa kiko shambani.

Vyakula vinavyomfaa: ugali wa mahindi, wa mtama, wa ulezi au wa muhogo, wali, viazi vya namna zote, ndizi, maharage, njegere na karanga, nyama, samaki, mayai na maziwa, mboga na matunda, na vitumbua vya mchele mtupu.

Vyakula vya kumkataza: maandazi, chapati, mkate, biskuti, keki, tambi, sambusa, uji wa lishe wenye ngano, na vinywaji vya shayiri.

Tena yapasa kuangalia mambo madogo. Viazi vikikaangwa katika mafuta yaliyokaanga maandazi, vimeharibika kwake. Mashine ikisaga ngano kisha ikasaga mahindi bila kusafishwa, unga wa kwanza utakuwa na ngano. Vumbi la unga juu ya kibao cha kusukumia chapati latosha kumdhuru.

Dada yangu hakuweza kuacha biashara yake, maana ndiyo iliyowalisha. Alichofanya ni hiki. Alinunua chuma cha vitumbua na sufuria ambayo haiguswi na ngano. Maandazi huyapika kibandani, mbali na jiko la nyumbani, na hubadili kanga kabla ya kumpakulia mwanawe. Baada ya miezi michache kuharisha kulikoma. Mwaka uliofuata sare ya shule ilimbana, na kwa mara ya kwanza dada yangu alifurahi kununua nyingine.

MAONYO MATATU

Kwanza, usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiiacha, utumbo huanza kupona na damu husafika, na kipimo kitasema huna ugonjwa hali unao. Endelea kula kama kawaida mpaka daktari amalize.

Pili, si kila anayeumwa tumbo ana seliaki. Walio wengi wana maradhi mengine yenye dawa zake. Nenda hospitali, usijitibu kwa kusoma gazeti, hata kama gazeti ni hili letu.

Tatu, aliye mzima asiiogope ngano. Ngano ni chakula chema kwa asiye na ugonjwa huu.

NENO LA MWISHO

Mpwa wangu sasa yuko sekondari, katika shule nyingine. Siku ya sikukuu ya shule walipikiwa pilau na chapati. Alikula pilau, akaziacha chapati. Wenzake wakamcheka, wakasema, "Anajifanya Mzungu huyo!" Aliponisimulia aliniuliza, "Mjomba, mbona wanasema ni ugonjwa wa Kizungu?" Sikuwa na pa kuweka uso wangu, kwani maneno yale niliyafundisha mimi mwenyewe. Nilimwambia kweli yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi rudi uwaambie, Mjomba."

Nimerudi. Darasa lile limekwisha maliza shule, na yule msichana simjui aliko. Lakini kama gazeti hili litafika mikononi mwake, ajue kwamba swali lake lilikuwa jema, na jibu lake ni ndiyo, twaweza kuyapata. Nanyi wanafunzi mlioko sasa, akiwapo mwenzenu asiyekula mnachokula, msimcheke. Na mwalimu akiwajibu upesi mno, mwulizeni tena kwa adabu. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini mgonjwa wa seliaki hukonda ijapokuwa anakula.
2. Ni mambo gani mawili yanayotakiwa yakutane ndipo maradhi haya yatokee?
3. Watoto wa Sidney Haas walipona kwa sababu gani hasa? Uchunguzi wa Dicke ulikuwa bora kwa namna gani?
4. Andika vyakula vyote ulivyokula jana, kisha uonyeshe vyenye gluteni na visivyo nayo.
5. Mtu akikuambia, "Ugonjwa fulani ni wa taifa fulani," utamwuliza maswali gani kabla ya kumwamini?